Mwenyekiti Aliyesimama Mlangoni

Nimepangisha vyumba vitatu nyuma ya nyumba yangu hapa Mosocho, na wapangaji wangu wote ni wauguzi wachanga. Nawapenda, ingawa hupiga muziki saa ambazo watu wazima wanajaribu kusoma Biblia. Wao huniita magokoro, yaani nyanya, hata wale ambao nyanya zao ni wadogo kwangu. Juzi niliwakuta uani wameinamia simu moja, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mheshimiwa fulani, ambaye sitamtaja na wala simjui, alikuwa amefumaniwa na mke wa mtu.

"Magokoro, huyu ameisha," akaniambia Kemunto, ambaye ndiye msemaji wao. "Ameshikwa peupe. Hiyo kiti asahau."

"Na kazi yake ilikuwaje?" nikamuuliza.

"Kazi? Aki magokoro, nani anaangalia kazi? Kama hawezi kuaminika kwa nyumba ya wenyewe, ataaminika na hospitali?"

Nikasema maziwa yangu yanachemka, nikaingia ndani. Hakukuwa na maziwa yoyote jikoni. Ila maneno yale niliyajua, kwa sababu niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, karibu neno kwa neno, miaka ile ya mwanzo ya serikali za kaunti, na watu wakaumia. Basi Kemunto na wenzako, someni haya mkitoka zamu.

Mimi nilianza kazi sindano zikiwa za kioo. Tulizichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, na ukisahau maji yakakauka, ulisimama mbele ya matroni ukieleza kama mtu aliyechoma nyumba. Shashi ya kufungia vidonda tulikata wenyewe na kuikunja pembe zikiwa ndani, ili uzi usibaki kwenye nyama ya mtu. Kofia zetu tulizitia wanga zikasimama wima. Siku moja sikuwa na wanga, nikaitia yangu uji wa mahindi, tena mzito, na nzi wakanifuata wodi nzima. Wagonjwa walicheka hata waliokuwa wamekataa kula, na nyinyi mnaovaa hizo nguo laini za rangi hamtaonja raha ya namna hiyo.

Matroni wetu aliitwa Akinyi. Alitoka upande wa ziwa, mrefu, mkali, na Ekegusii, lugha yetu, alijifunza kwa wagonjwa, kwa hiyo alijua vizuri sana maneno ya maumivu na matusi, na salamu zilimpiga chenga. Wiki yangu ya pili alinituma nikamwoshe mzee mmoja kitandani. Yule mzee aliishika shuka kwa mikono miwili, kisha kwa meno. Nikamvuta, akanivuta. Mimi nilidhani ni ukaidi. Matroni Akinyi akaja, akanitoa kando.

"Moraa, umeuliza huyu mzee ni nani kwa baba yako?"

Nikaenda kuuliza. Kumbe yeye na baba yangu walitahiriwa mwaka mmoja. Kwa desturi yetu yule alikuwa baba yangu kabisa, na mtoto hamwoni baba yake uchi. Sisi huita heshima hiyo chinsoni, na mimi Mgusii nilikuwa nimefundishwa na mwanamke wa ziwani. Tangu siku hiyo, kabla sijagusa mgonjwa mzima, nauliza kwanza ukoo. Nanyi mfanye hivyo. Dakika mbili za kuuliza zitawaokoa nusu saa ya kung'ang'ania shuka.

Jambo la pili alilonifundisha lilihusu sikio. Alisema sikio la muuguzi ni choo cha shimo: kilichoingia hakitolewi, na anayejaribu kukitoa atanuka yeye. Palikuwa na chifu mmoja aliyekuwa akimwaga mitungi ya chang'aa barabarani huku watu wakimpigia makofi. Asubuhi moja aliingizwa kwa mlango wa nyuma, mikono inamtetemeka, macho ya manjano, pumzi yake yenyewe ni chang'aa. Nilikuwa kijana na damu ilinichemka.

"Kesho atamfunga mtu kwa kitu anachokunywa yeye," nikamwambia matroni.

"Akimfunga mtu bila haki, njoo uniite, twende kwa D.O. wa tarafa pamoja," akasema bila kuinua kichwa. "Leo hii ni ini tu. Lete maji."

Nilileta maji, lakini moyoni sikukubali. Mimi ni Msabato, binti wa mzee wa kanisa. Mchovya asali hachovyi mara moja, baba alikuwa akisema, na methali hiyo niliiamini kuliko kipimajoto. Mtu akidanganya nyumbani atadanganya ofisini, kwa sababu moyo ni ule ule. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na sikuwa mjinga peke yangu.

Sasa nije kwa Makori. Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa kituo kimoja cha afya upande wa Nyamira, na matroni Akinyi alikuwa amestaafu kwao. Makori alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kituo. Maji yetu yalitoka kwenye chemchemi bondeni, na ili yapande kwetu ilibidi bomba lipite kwenye mashamba ya chai ya watu kadhaa. Kila mwenye shamba alikuwa na sababu ya kukataa. Makori aliwaendea mmoja mmoja, akanywa uji kwa kila nyumba mpaka tumbo likamsumbua, nikampa dawa mwenyewe. Bomba likapita. Baada ya hapo alikuja kila asubuhi, kabla wachuma chai hawajaingia shambani, akagonga tangi kwa vifundo vya vidole kusikia maji yamefika wapi. Sisi tuliokuwa zamu tulijua saa kwa kusikia kugonga kule.

Siku moja akasema atagombea kiti cha MCA, yaani mjumbe wetu katika bunge la kaunti. Hakuna aliyeshangaa. Mimi nilimwambia akishinda asisahau kugonga tangi.

Kampeni zilipopamba moto tukaletewa mgonjwa aitwaye Nyangau. Alikuwa amepanda mkaratusi kukata matawi, akaanguka na panga lake. Mguu ulivunjika, mkono wa kulia ulivunjika, na panga lilimchana paja vibaya. Kidonda kile nilikifunga mimi kila siku. Wengi wenu huvuta shashi iliyogandia kama mtu anayechuna ngozi ya mbuzi. Iloweshe kwanza kwa maji ya chumvi, ngoja, na wakati unangoja muulize mgonjwa habari za ng'ombe wake. Akifika kwenye jina la ndama, vuta.

Mkewe, Kerubo, alikuja kila mchana na ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga. Lakini alikuwa na tabia iliyonikera. Aliweka bakuli kwenye stuli, akarudi nyuma mpaka dirishani, akasimama pale akiangalia nje. Aliyemlisha Nyangau ni mama yake, bibi kizee mwenye mikono inayotetemeka, na nusu ya mboga ilimwagika shingoni mwa mgonjwa. Siku ya nne nikashindwa kunyamaza.

"Mume wako hana mkono, na wewe unahesabu miti?" nikamwambia mbele ya wodi nzima. "Wewe ni mke gani?"

Kerubo hakunijibu kwa ukali. Alisema tu, "Sista, wacha mama amlishe."

Hapo ningepaswa kuelewa. Kwetu kuna kitu kinaitwa amasangia. Wazee wanasema mwanamke akitoka nje ya ndoa, kisha mumewe augue au avuje damu, mke huyo asimhudumie, na yule mwanamume wa nje asimkaribie hata kidogo. Akiingia tu alipolala mgonjwa, mgonjwa hutokwa na jasho, hali inageuka, na anaweza kufa. Nililelewa nikiyasikia hayo. Lakini nilikuwa nimesoma, na kwa kuwa siamini amasangia, nilikuwa nimeacha pia kuwaona wanaoiamini. Nawaambia kwa aibu kwamba hilo ni kosa kubwa kuliko la kofia ya uji.

Makori akaja kutembelea wagonjwa. Alikuja na vijana wake, mikate, maziwa, simu zimeinuliwa juu kupiga picha. Alipita wodi ya wazazi, akabeba mtoto, akacheka na kina mama. Kisha wakaja wodi ya wanaume. Nilikuwa ndani, karibu na kitanda cha Nyangau. Makori akafika kizingitini, akaangalia ndani, akasimama.

"Mkubwa, ingia tupige picha na wagonjwa," kijana mmoja akamwambia.

"Nitawasalimia nikiwa hapa."

Nikadhani anaogopa damu. Mimi, kwa ukarimu wangu wa kijinga, nikamwendea mlangoni nikamshika mkono wa koti nikamvuta. "Mwenyekiti, karibu! Kwani unaogopa vidonda, na wewe ndiye ulituletea maji ya kuviosha?"

Akashika mwimo wa mlango. Nikavuta tena huku nacheka. Ndipo nikaona paji la uso wake limelowa, na vidole vyake vimekaza kwenye ule ubao.

"Niache, sista," akasema polepole. "Sitaingia. Mpe huyo mgonjwa maziwa yake."

Nikamwachia. Mama yake Nyangau aliweka bakuli chini. Mzee wa kitanda cha pili akageukia ukutani, na Kerubo pale dirishani akajifunika uso kwa leso. Vijana wa kampeni walikuwa Wagusii kama sisi, na niliona simu zao zikishuka moja baada ya nyingine. Makori akageuka akaenda zake kwa miguu, akaliacha gari lililomleta.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana hayo ya mlangoni hayakuwa yangu. Saa kumi tulipokaa kunywa chai, wenzangu wawili na mama anayetuuzia ndizi, nikaulizwa imekuwaje. Sikio langu lilikuwa la choo, lakini mdomo ulikuwa wa kwangu mwenyewe. Nikainuka, nikashika mwimo wa mlango wa jikoni, nikajilowesha uso kwa maji, nikaigiza: "Niache, sista! Sitaingia!" Walicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi ni hodari wa kuigiza watu, na siku hiyo niliigiza vizuri.

Kesho yake mama wa ndizi alikwenda soko la Daraja Mbili na mzigo wake. Nadhani maneno yalifika sokoni kabla ya ndizi. Haikupita wiki, kila Makori aliposimama kuongea, vijana wa mpinzani walipiga kelele, "Ingia! Ingia!" na mkutano ukaisha kwa vicheko. Shemeji zake Kerubo wakamfukuza, akarudi kwa wazazi wake na mtoto mgongoni. Mume alikuwa bado kitandani wodini mwangu na hakuulizwa chochote. Nilipoleta shashi na maji ya chumvi, sikuweza kumuuliza habari za ndama.

Naomba msinielewe vibaya. Makori alikosa. Alikula chumvi ya watu wale na kuwaharibia nyumba, na mwanamke ndiye aliyebeba mzigo wote mgongoni pamoja na mtoto. Hilo silifuti. Lakini wodi ile ilikuwa na watu kumi na wawili waliojua tayari, na wangeweza kulimaliza jambo kwa wazee. Mimi ndiye niliyelipeleka sokoni. Nalia nikiandika haya, na si uzee.

Mpinzani wake alikuwa mzee wa kanisa langu. Mke mmoja, miaka mingi ya ndoa, walikuja Sabato wameshikana mikono kama maarusi. Nilimpigia kura kwa moyo mweupe, nikamwambia kila mtu aliyenisikiliza maneno yale yale ya Kemunto. Akashinda. Na niseme haki ya Mungu, hakuiba hata kijiko, wala hakuwahi kumtazama mwanamke mwingine. Ila bomba lilipasuka mwaka uliofuata, tukamwendea. Alitupokea vizuri. Alituombea. Akasema ataandika barua. Tukamwendea tena, akatuombea tena. Kamati ilikuwa na mwenyekiti mpya ambaye sikumbuki kama aliwahi kujua tangi liko upande gani. Tukaanza kuwaambia kina mama wanaokuja kujifungua wabebe maji kutoka nyumbani, na nimewahi kumwosha mtoto mchanga kwa kikombe kimoja.

Makori alihamia upande wa Nyacheki kwa mjomba wake, akalima chai. Sikumwona tena kituoni. Asubuhi tulipoingia zamu palikuwa kimya, na mara nyingi nilijikuta nimesimama karibu na tangi bila sababu.

Msinichukulie kwamba nawaambia wazinzi ndio wanaojua kuleta maji. Nimewajua wazinzi ambao hawakuleta maji wala chochote, na nimewajua waume wema waliofanya kazi mpaka wakazeeka. Kama ingekuwa rahisi hivyo, ningemjibu Kemunto palepale uani. Nimekuwa nikitafuta jibu miaka yote hii, na kipande pekee nilichokipata sikukipata kanisani wala kwa wasomi. Nilikipata kwa Nyangau.

Alikuja kituoni miezi michache kabla sijastaafu, mtoto wake ana homa. Alikuwa anachechemea kidogo. Kwa sababu ya amri yetu, ambayo sasa ilikuwa ya kila mgonjwa, alikuwa amebeba jerikeni la maji, ameliweka chini nje akipumzika. Nikatoka, nikamsalimia, na kabla woga haujanishinda nikamwambia kwamba ni mimi. Mzaha ule ulitoka kwangu. Nikamwomba msamaha.

"Nilijua, sista," akasema. "Wodi ilikuwa ndogo. Nilisikia mkicheka."

Nikamuuliza habari za Kerubo.

"Alirudi. Wazee walitufanyia ile mambo yao ya kutakasa, halafu pia pasta akakuja akaomba. Sasa sijui ni gani ilifanya kazi." Akacheka kidogo, akafuta jasho. "Sista, nikuambie kitu? Mimi nilimpigia Makori kura."

Nilidhani ananichokoza. Nikamwangalia usoni, sikuona mzaha.

"Kabla ya ile siku sikuwa najua kitu," akasema. "Alipokataa kuingia, nikajua yote. Kama ningekuwa na miguu ningemuua hapo hapo. Lakini nikabaki kwa kitanda siku nyingi, sina kazi, nafikiria tu. Huyu mtu alikuwa na simu zinampiga picha. Wewe unamvuta. Kura ziko ndani. Ni hatua tano, sista, na hakuna mtu angejua. Wewe unasema amasangia ni uongo. Sawa. Lakini yeye aliamini nitakufa. Aliamini kabisa. Na akaona afadhali aaibike mbele ya watu wote kuliko mimi nikufe bila mtu kujua."

"Kwa hivyo ulimsamehe?"

"Nani? Kwa boma yangu akikanyaga nitamkata na ile ile panga." Akainamia jerikeni lake, akalishika mpini. "Lakini mambo ya maji, hata leo ningempatia. Aliogopa kuniua na hakuna mtu angemshika."

Nikasimama pale na kofia yangu, miaka thelathini na zaidi ya kazi. Nilikuwa nimemwona mtu akifanya jambo gumu kuliko yote niliyowahi kuyaona mlangoni mwa wodi, nikaona aibu yake tu, nikaigeuza mchezo wa chai.

"Na wewe sista," akaniuliza, "ulipigia nani?"

Nikamwambia ukweli.

Akaniangalia, akaliangalia jerikeni, kisha ule mlima alioupanda nalo. Hakukasirika.

"Basi shika huku upande mwingine," akasema, "tupeleke ndani."